Usafi unaoua ndani ya tangi la samaki

Samaki wa mapambo wanaofugwa majumbani hufa kwa sababu nyingi, lakini moja kati ya hizo huwashangaza wafugaji kuliko nyingine zote: hufa siku chache baada ya tangi lao kusafishwa vizuri.

Kisa chenyewe hufanana karibu kila mahali. Mwenye tangi hufungua kichujio, hukuta sponji imejaa tope la rangi ya kahawia, akaikamua chini ya bomba hadi maji yakatoka meupe, kisha akairudisha mahali pake. Tangi hung'ara siku hiyo na siku ya pili. Siku ya tatu samaki huanza kuhema kwa kasi karibu na uso wa maji, na kabla ya juma kwisha wawili au watatu wamekwisha kufa. Lawama hupelekwa dukani, au kwenye chakula, au kwa hali ya hewa.

Sababu imo katika lile tope lililokwenda na maji ya bomba. Ndani yake, na hasa katika utando mwembamba uliogandamana na sponji, waliishi viumbe wasioonekana kwa macho ambao kazi yao ni kuondoa sumu inayotolewa na samaki wenyewe. Wakitoweka hao, tangi hubaki na maji maangavu yanayoua.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Katika maduka ya samaki ya Ulaya na Marekani Kaskazini ni kawaida kukuta matangi yaliyotengwa kwa ajili ya samaki wa maziwa yetu makuu, na vibandiko vyake hutaja majina ambayo mtu wa Katavi au Rukwa hatazamii kuyasoma ughaibuni: Ikola, Kipili, Kigoma. Biashara hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeanza kusafirisha samaki hai kutoka Bujumbura, ameachiwa kumbukumbu katika jina la kisayansi la samaki mmoja wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus brichardi, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1974.

Sumu inayotokana na pumzi

Samaki hahitaji kwenda haja ili achafue maji. Sehemu kubwa ya taka ya mwili wake hutoka kwa njia ya matamvua, kila anapopumua, ikiwa katika umbo la amonia. Chakula kilichobaki chini na majani yaliyooza huongeza amonia nyingine. Ziwani kiasi hicho hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi la lita 100 hakina pa kwenda.

Hapo ndipo kundi la kwanza la vijidudu linapoingia kazini. Huichukua amonia, huiunganisha na oksijeni, na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Majina hayo mawili yanakaribiana kiasi cha kumchanganya mtu, lakini athari zake ziko mbali sana. Nitriti hupenya katika matamvua na kuiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, hata damu ya samaki ikageuka rangi ya kahawia. Samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Nitrati huvumilika kwa kiasi kikubwa zaidi, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara au kwa kunyonywa na mimea.

Kazi ya vijidudu hivi imejulikana tangu karne ya 19. Ilipofika mwaka 1890, Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya utafiti mjini Zürich, alikuwa amefaulu kuthibitisha kwamba wapo bakteria wanaoishi kwa nguvu itokanayo na kubadilisha amonia. Kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vilifundisha kwamba bakteria aitwaye Nitrosomonas hushughulikia amonia, na mwenzake Nitrobacter hushughulikia nitriti.

Somo hilo limelazimika kusahihishwa mara kadhaa. Mwaka 1998 watafiti wa California walionyesha kwamba anayeshughulikia nitriti katika matangi ya maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ni wa jamii nyingine iitwayo Nitrospira. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba kiumbe kinachobadilisha amonia, kisichokuwa bakteria kamwe bali cha ukoo wa kale uitwao arkea, kimepatikana katika tangi la maonyesho mjini Seattle. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada walipima vichujio vya matangi ya maji baridi na kukuta kwamba katika vingi vyao hao arkea ndio waliotawala kazi ya kuondoa amonia. Na mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakaeleza Nitrospira mwenye uwezo wa kufanya kazi zote mbili peke yake.

Msomaji anaweza kuuliza habari hizi zina faida gani kwa mtu mwenye tangi sebuleni. Faida ipo. Kwanza, zinatufundisha kutokuwa na imani ya haraka na kila chupa iliyoandikwa kwamba ina bakteria, kwa kuwa chupa yenye jamii isiyoishi katika tangi la maji baridi haitasaidia sana. Pili, viumbe hawa wote wana sifa moja isiyobadilika, nayo ni uzito wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata mazingira mazuri, huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 hivi. Hawa wa kichujio huhitaji nusu siku, siku nzima, au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kukomaa, na ndiyo maana hasara ya dakika tano chini ya bomba hulipwa kwa majuma.

Hatari kubwa zaidi kwa samaki wa Tanganyika

Amonia ndani ya maji huwa ya namna mbili. Moja ni kali na hupenya mwilini kwa urahisi. Nyingine ina madhara madogo kwa kulinganisha. Kinachoamua wingi wa ile kali ni joto la maji na hasa kipimo cha pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na amonia kali isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Maji ya pH 8 huwa na asilimia 5 hivi. Yakifika pH 9, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote huwa ni ile kali.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na mfugaji makini hujitahidi kulifanya tangi lake lifanane nayo. Kwa hiyo kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa mto wa Amazon katika maji machachu angekistahimili kwa siku kadhaa, kinaweza kumuua samaki wa Kigoma kwa muda mfupi. Anayefuga samaki wa Tanganyika au wa Ziwa Nyasa hana nafasi ya kukosea na kichujio chake.

Wenye kufuga samaki wa maji machachu nao wasijione wamesalimika. Vijidudu vya kichujio, wakati wa kufanya kazi yao, hula akiba ya chokaa iliyomo ndani ya maji. Kila miligramu moja ya naitrojeni iliyomo katika amonia inapogeuzwa kuwa nitrati, hutumika zaidi ya miligramu 4 za oksijeni na miligramu 7 hivi za ile akiba. Katika tangi ambalo maji yake hayabadilishwi, akiba hiyo huisha, pH hushuka, na ikipungua chini ya 6 vijidudu hulegea. Amonia huanza kurundikana, lakini ikiwa katika ile hali ya upole samaki huonekana wazima. Kisha siku moja mwenye tangi huona aibu ya kulitelekeza, akabadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba yenye chokaa nyingi. pH hupanda, amonia iliyokuwa imelala huamka, na samaki hufa jioni hiyohiyo. Mtu aliyeshuhudia hivyo huapa kwamba maji mapya ni sumu, na hubadilisha maji mara chache zaidi kuliko awali.

Si kila tangi ni pambo

Wapo samaki ambao matangi ni miongoni mwa makazi yao machache yaliyobaki. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi ya kutisha katika miaka ya 1980. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuhudia jamii za furu, wale samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu, zikipotea moja baada ya nyingine katika nyavu zao. Makadirio yao ya jamii zilizotoweka yalifika 200. Baadhi zimeonekana tena tangu hapo, sangara walipopungua kwa kuvuliwa.

Furu kadhaa waliokuwa wamechukuliwa hai kabla au wakati wa msiba huo walizalishwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, na vizazi vyao vinatunzwa hadi leo na taasisi pamoja na watu binafsi. Yapo makundi yasiyozidi samaki kadhaa katika tangi moja. Kwa hao, sponji iliyooshwa vibaya ni jambo zito kuliko hasara ya fedha.

Kusafisha bila kuangamiza

Kabla ya kugusa kichujio, ni vyema kujua kilichomo ndani yake, maana si kila kitu kilichomo hufanya kazi moja. Pamba nyeupe ya nailoni hunasa takataka zinazoonekana. Hiyo inaweza kutupwa na kuwekwa mpya bila hofu. Mkaa hunyonya rangi na mabaki ya dawa, nao huchoka na kubadilishwa. Sponji hufanya kazi mbili, kunasa takataka na kuwahifadhi vijidudu. Vipete vya kauri, mipira ya plastiki yenye matundu, na mawe mepesi ya volkano, kama yale yanayochimbwa katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kazi yake hasa ni kuwa nyumba ya vijidudu. Hivyo vya mwisho havina sababu ya kutupwa kwa miaka mingi.

Vichujio vidogo vingi huuzwa vikiwa na kifurushi kimoja chenye vyote hivyo kwa pamoja, na maelezo kwamba kibadilishwe kila mwezi. Shauri hilo humnufaisha muuzaji kuliko samaki. Kukitupa kifurushi hicho ni kutupa sehemu kubwa ya vijidudu vya tangi, na mnunuzi hujikuta akianza upya kila mwezi bila kujua.

Utaratibu ulio salama ni mwepesi. Siku ya kubadilisha maji, teka ndoo ya maji ya tangi lenyewe kabla ya kuyamwaga. Zima umeme. Sponji ikamuliwe mara mbili tatu ndani ya ndoo hiyo mpaka maji yaweze kupita tena. Rangi ya kahawia inayobaki iachwe. Vipete na mawe vitikiswe kidogo tu ili tope lililolegea lianguke. Hakuna sabuni, hakuna maji ya moto, hakuna brashi. Kisha kila kitu kirudishwe kikiwa bado kimelowa, kwa sababu utando ukikauka umekufa.

Kama kichujio kina sponji mbili, ikamuliwe moja, na nyingine ingoje wiki mbili au tatu. Wala si vizuri kukisafisha siku ileile ambayo kokoto za chini zimefyonzwa uchafu wote, kwa kuwa vijidudu vingi huishi pia juu ya kokoto. Hakuna idadi maalumu ya siku inayofaa matangi yote. Alama ya kutazama ni mwendo wa maji. Maji yanayorudi tangini yakipungua nguvu, wakati umewadia.

Ipo kasoro ya upande wa pili, ambayo naiona mara nyingi kwa watu waliokwisha kusikia habari za bakteria: hawakigusi kichujio kabisa. Tope likizidi hufunika utando, maji hutafuta njia za mkato, na oksijeni haifiki ndani. Viumbe hawa ni walaji wakubwa wa oksijeni, na wakikosa hewa hufa kama samaki wanavyokufa.

Kuhusu maji ya bomba kuna ubishi. Wapo wanaodai kwamba kusuuza sponji kwa muda mfupi chini ya bomba hakuondoi vijidudu vyote, na hilo lina ukweli, maana utando huwakinga walio ndani. Lakini klorini imewekwa majini kwa kusudi la kuua vijidudu, na mtu hawezi kujua kiasi gani kimetiwa siku hiyo. Ndoo ya maji ya tangi haina gharama, kwa hiyo sioni sababu ya kubahatisha.

Maji mapya yanayoingizwa tangini yanahitaji uangalifu huohuo. Palipo na klorini ya kawaida, kuyaacha katika chombo kilicho wazi kwa siku nzima husaidia. Lakini katika sehemu nyingi za Uingereza na Marekani hutumika kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia, ambao hauondoki kwa kuachwa wazi. Lazima itumike dawa ya dukani ya kuondoa klorini, na ni vizuri kusoma kama inashughulikia pia amonia inayobaki. Mtu aliyezoea ndoo ya kulaza maji huko nyumbani, akihamia ughaibuni na desturi hiyo, anaweza kupoteza samaki wake wote.

Sponji ikichakaa kabisa na kuanza kukatika, mpya iwekwe kando ya ile kuukuu kwa muda wa wiki 4 hadi 6, ndipo kuukuu itolewe. Ni kama mtindi: maziwa mapya hugandishwa kwa kijiko cha mtindi wa jana. Kwa njia hiyohiyo, kipande cha sponji kutoka katika tangi la rafiki kinaweza kulianzisha tangi jipya kwa muda mfupi, mradi samaki wa rafiki huyo hawana ugonjwa, maana ugonjwa nao husafiri.

Dawa zina sehemu yake katika msiba huu. Methilini buluu, ambayo hutumiwa sana kutibu kuvu na mayai ya samaki, hudhuru vijidudu vya kichujio, na baadhi ya dawa za kuua bakteria hazichagui mbaya na mwema. Mgonjwa atibiwe katika chombo cha pembeni kila inapowezekana.

Umeme unapokatika

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, adui mkubwa wa kichujio anaweza kuwa mgao wa umeme kuliko bomba. Kichujio cha ndoo, kile kinachokaa nje ya tangi kikiwa kimefungwa kabisa, hubaki na maji yasiyotembea. Oksijeni iliyomo huisha kwa muda wa saa chache, vijidudu huanza kufa, na uozo huzaa harufu ya mayai mabovu. Umeme ukirudi, mtambo husukuma maji hayo yote tangini kwa mpigo mmoja.

Umeme ukichelewa zaidi ya saa mbili au tatu, ni bora kukifungua kichujio na kuviweka vipete na sponji ndani ya tangi lenyewe, au katika beseni la maji ya tangi yanayochotwa na kumiminwa mara kwa mara. Maji yaliyobaki ndani ya kichujio yamwagwe kabla ya kuwasha tena. Samaki wasilishwe siku hiyo. Samaki mzima mwenye afya hastuki kukaa siku tatu bila chakula, na asipokula amonia hupungua.

Mahali ambapo umeme hukatika kila juma, ningemshauri mtu aachane na mitambo ya kufungwa na atumie sponji ya wazi inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, ambayo inaweza kuwashwa hata kwa betri. Ni kifaa cha bei nafuu, hakifyonzi vifaranga vya samaki, na pampu ikisimama sponji hubaki ndani ya maji yaleyale ya tangi.

Na ikiwa madhara yamekwisha kutokea, la kwanza ni kupima amonia na nitriti kwa vipimo vya dukani. Chakula kisimamishwe. Theluthi moja hadi nusu ya maji ibadilishwe kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto na pH inayokaribiana na ya tangi. Iwapo nitriti ndiyo iliyopanda, chumvi ya kawaida, takriban gramu 1 kwa kila lita, huizuia isiingie katika matamvua, ingawa haina msaada wowote dhidi ya amonia. Mwenye rafiki mwenye tangi lililokomaa aombe kipande cha sponji. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, chakula kirudishwe kidogo kidogo, na kichujio kiachwe bila kuguswa kwa mwezi mzima.